Bunduki ya Chama Isikose Mwenyewe
(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Katika vyama vya msingi kila mali ina daftari lake. Fedha zina daftari, mazao ghalani yana daftari, hata magunia matupu huhesabiwa msimu unapokwisha. Lakini katika baadhi ya vyama ipo mali moja ambayo usiku huonekana mkononi mwa mlinzi, na mchana hapatikani mtu wa kusema kwa hakika iko wapi. Mali hiyo ni bunduki ya chama. Mazungumzo haya yahusu kibali chake, mahali inapolala, na mtu wa kuulizwa habari zake.

Bunduki ya mtu binafsi ina mwenyewe anayejulikana. Ikipotea, ataulizwa yeye. Bunduki ya chama hupita mikononi mwa wengi: mlinzi wa usiku, mlinzi wa mchana, katibu, na pengine mwenyekiti. Kila mmoja hudhani kwamba mwenzake ndiye anayeitunza. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana kitu cha watu wote ni chepesi kukosa mwangalizi. Risasi ikitoka, haitauliza zamu ilikuwa ya nani. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika ushirika hao wa kwao ni wanachama wote.

Kwanza, kibali. Tanzania hutumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Aidha, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili, 2004. Itifaki hiyo yazitaka nchi wanachama kuandikisha silaha zote za raia katika daftari kuu, kuweka kanuni za kuzihifadhi, kuwapima waombaji ujuzi wa kuzitumia, na kuwakataza raia kabisa kumiliki bunduki za kivita zifyatuazo risasi mfululizo. Kwa hiyo kibali hakitolewi kama stakabadhi ya duka. Maombi huanzia nyumbani kwa mwombaji, katika serikali ya kijiji au mtaa anakofahamika tabia yake, kisha hupelekwa Polisi na katika kamati za ulinzi na usalama.

Yafaa makatibu waelewe mambo matatu. Kibali hutolewa kwa mwenye jina na kwa silaha yenye namba. Hakiazimwi, hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwenye kibali akifariki, au kiongozi aliyeandikishwa kwa niaba ya chama akiondoka madarakani, Polisi wapewe habari na silaha ikabidhiwe kwa maelekezo yao. Pili, kibali kina masharti na muda wake, na bodi inayosahau tarehe hiyo huamka siku moja ikiwa na silaha isiyo halali ndani ya ofisi yake. Tatu, mlinzi anayekabidhiwa bunduki awe mtu ambaye Polisi wa wilaya wanamfahamu na wamekubali aishike. Kumwajiri mtu kulinda ghala si kumpa ruhusa ya kushika silaha.

Pili, hifadhi. Yatosha kutazama siku moja ya kawaida. Mlinzi humaliza lindo saa kumi na mbili alfajiri. Katibu, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa kasha, hufungua ofisi saa mbili. Katika saa mbili hizo bunduki iko wapi? Mara nyingi mlinzi, akiwa amechoka na mvua inanyesha, huondoka nayo kwenda kwake na kuiweka chini ya kitanda, katika nyumba yenye watoto. Saa mbili kila siku ni saa 60 kwa mwezi ambazo silaha ya chama haina kufuli wala mlinzi. Hakuna bodi ambayo ingekubali sanduku la fedha lilale hivyo. Dawa yake haina gharama kubwa: makabidhiano yafanyike palepale lindoni, na mlinzi asiondoke mpaka mtu aliyeteuliwa na bodi, anayekaa karibu, amefika na kutia saini.

Mahali pa kulala bunduki pawe kasha la chuma lililofungwa kwa nati ukutani au sakafuni, lisiloweza kubebwa na mtu mmoja. Bunduki iwekwe tupu, baada ya kufunguliwa na kutazamwa na watu wawili, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali pasipo na mtu. Risasi ziwekwe katika kasha la pili lenye ufunguo wake, na funguo hizo mbili zikae kwa watu wawili. Ufunguo usitundikwe msumarini nyuma ya mlango, kwa sababu mahali hapo kila mwizi anapafahamu. Kasha lisiwekwe katika ghala la pembejeo: mbolea huvuta unyevu na kula chuma, na haifai kukaa pamoja na risasi.

Risasi zihesabiwe kama fedha. Daftari la silaha lioneshe tarehe, saa, namba ya bunduki, idadi ya risasi, jina na saini ya aliyetoa, na jina na saini ya aliyepokea. Risasi iliyotumika iandikwe sababu yake na ganda lake lihifadhiwe. Ikikosekana hata moja, hesabu isirekebishwe kwa kalamu. Mwenyekiti aitwe siku hiyohiyo. Bunduki ikipotea au kuibwa, Polisi waarifiwe mara moja, kabla ya kikao chochote cha bodi. Saa zinazotumika kutafutana lawama ndizo saa ambazo mwizi huzitumia kwenda mbali.

Tatu, wanachama majumbani. Wakulima wengi husumbuliwa na nguruwe pori na nyani, na katika vijiji vingine limo gobole la babu lililofungwa kwenye dari. Gobole nalo ni silaha mbele ya sheria, hata kama lilitengenezwa na mhunzi wa kijijini. Na mwenye bunduki halali akumbuke kwamba kibali cha kumiliki si kibali cha kuwinda. Uwindaji husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa mwenye silaha isiyo na karatasi, ipo njia ya heshima. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika ulitangaza Septemba ya kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na baadaye muda huo ukaongezwa hadi mwaka 2030. Katibu afuatilie matangazo ya Serikali na kuyasoma mkutanoni, ili mwanachama ajue lini na kwa nani aisalimishe bila kushtakiwa.

Mwisho, kila bodi ijiulize kama chama kinahitaji bunduki. Wezi hufuata fedha. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na malipo mengi yakipitia benki, chama kisicholaza fedha taslimu ofisini kimeondoa sehemu kubwa ya kishawishi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha zilizagaa, na ujambazi ukaongezeka. Wananchi wa Shinyanga na Tabora waliounda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walishika pinde na mishale. Nguvu yao kubwa ilikuwa kufahamiana na kuitikia mwito kwa pamoja. Taa, kufuli imara, mlinzi anayelipwa kwa wakati na majirani wanaoitikia filimbi ni ulinzi ambao hauwezi kumuua mtoto wa mlinzi.

Chama kitakachoona kwamba bunduki ni ya lazima, basi na iingizwe katika daftari la mali, itajwe katika taarifa ya bodi kwa mkutano mkuu, na jina la mtunzaji wake lisomwe mbele ya wanachama. Siku hiyo bunduki ya chama itakuwa imepata mwenyewe.