Maegesho, kelele na nyumba: nani hasa anaamua?

Haya ni mazungumzo niliyoyagawa vipande ili uyasome vizuri kwenye simu. Hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja sheria, ofisi na pesa zako.

1/ Msimu wa siasa ukikaribia, mambo matatu hayakosi jukwaani: ada ya maegesho, kelele za mtaani na nyumba za bei nafuu. Kila mwaniaji ana ahadi tamu. Kabla ya kupiga makofi, jiulize: hicho cheo anachotafuta kina mamlaka hayo kweli?

2/ Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kazi za kaunti zimeorodheshwa hapo: trafiki na maegesho, kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, leseni za vileo, mipango na nyumba. Kwa hivyo anayetaka kuwa mbunge akikuahidi kupunguza ada ya kuegesha gari mjini, anakuahidi kilicho mfukoni mwa mwingine. Hiyo ni kazi ya gavana na bunge la kaunti, yaani yule mwakilishi wadi wako ambaye pengine hata jina lake hulikumbuki.

3/ Tuanze na maegesho. Kanjo anayekufungia gari hapangi bei. Bei iko kwenye sheria ya fedha ya kaunti. Mwaka 2013 Nairobi ilipopandisha ada ya siku katikati ya jiji kutoka shilingi 140 hadi 300, ilipitia njia hiyo hiyo. Fundi anayeingia mjini na gari lake siku 26 kwa mwezi, kwa ada ya 300, analipa 7,800. Hiyo kwa wengi ni kodi ya nyumba.

4/ Mswada wa fedha hufuata bajeti, na bunge la kaunti lina siku 90 baada ya kupitisha sheria ya matumizi kuushughulikia. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka liwashirikishe wananchi. Lakini mnajua vile huwa: tangazo kwenye kona ya gazeti, kikao asubuhi ya siku ya kazi, ukumbi nusu tupu. Halafu ada ikianza kulipwa, sote tunashangaa ati imetoka wapi.

5/ Jukwaani utasikia pande mbili. Wa kwanza anasema, "Pesa za maegesho zitatengeneza barabara." Mwulize: ziko kwenye fungu gani la bajeti? Kwa kawaida mapato ya kaunti huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, chungu kimoja, na hayatoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Shilingi yako ya maegesho haina alama usoni. Isitoshe, baadhi ya barabara kubwa za mjini ziko chini ya serikali ya kitaifa.

6/ Wa pili anasema, "Tutafuta ada kabisa!" Huyo naye mwulize: hilo pengo litajazwa na nani? Likijazwa kwa kuongeza ada za soko, mama mboga asiye na hata baiskeli ndiye atakayemlipia mwenye gari. Na maegesho yakiwa bure, wenye ofisi watayajaza saa moja asubuhi, mteja wa dakika kumi akose nafasi.

7/ Kelele. Kuna kanuni za kitaifa za mwaka 2009, na kiwango cha usiku nje ya nyumba katika eneo la makazi ni desibeli 35. Hiyo ni karibu na mnong'ono. Spika ya baa iliyo chini ya chumba chako cha kulala haijui mnong'ono. Sheria ya vileo ya 2010 nayo ilitaka baa ikae angalau mita 300 kutoka shule.

8/ Mbona basi hatulali? Kaunti inayotakiwa kunyamazisha baa ndiyo inayokusanya ada ya leseni yake. Na leseni ikishatoka, kuna vijana wameajiriwa pale, kuna kodi imelipwa, na kila anayelalamika anaitwa adui wa biashara. Wakati mzuri wa kupinga ni pale maombi ya leseni yanapotangazwa. Pingeni kwa maandishi, kama majirani wa ploti nzima, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

9/ Nyumba. Tangu sheria ya Machi 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mshahara wa 30,000 ni 450 kwako na 450 kwa mwajiri kila mwezi. Kukatwa hakukupi nyumba. Lazima uombe, uchaguliwe, kisha ulipie.

10/ Sheria hiyo inagawa watu kwa mapato: chini ya 20,000 ni nyumba za jamii, 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, zaidi ya hapo ni za tabaka la kati. Kwa hivyo mtu akijivunia "nyumba elfu moja," uliza ngapi ni za daraja la kwanza. Neno "nafuu" peke yake halikuambii ni nafuu kwa nani.

11/ Halafu kuna mitaa ya zamani ya kaunti. Pangani jijini Nairobi na Buxton kule Mombasa, wapangaji walihama, nyumba zikabomolewa, maghorofa yakaanza kupanda. Mji unahitaji nyumba zaidi, hilo halina ubishi. Lakini aliyeishi pale miaka 30 anapaswa kushika mkononi, kabla tingatinga halijawashwa, karatasi yenye mambo matatu: atarudi au harudi, kwa bei gani, na atakaa wapi wakati wa kungoja. Ahadi ya mdomo haiendi mahakamani.

12/ Basi, mkutano ukija mtaani kwenu, ulizeni: Cheo chako kina mamlaka hayo? Pesa ziko fungu gani? Nani ataumia, na yeye atapata nini? Rekodini majibu kwa simu. Na mswada wa fedha wa kaunti yako ukitangazwa, tumeni hata mtu mmoja wa ploti akaketi pale ukumbini. Mchangieni nauli. Itakuwa rahisi kuliko ada mtakayolipa mwaka mzima.

Kaunti yenu inatoza ngapi maegesho? Andika hapa chini.