Fidia Baada ya Kosa la Upasuaji: Haki Yenye Muda Wake



Mwaka 2018 nchi yetu ilishtushwa na habari kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta: wagonjwa wawili walichanganywa, na mmoja akapasuliwa kichwa kwa upasuaji uliokusudiwa mwenzake. Kosa la namna hiyo hujitangaza lenyewe. Mengi hayajitangazi. Mama hujifungua kwa upasuaji, akarudi nyumbani na maumivu yasiyotulia, akaambiwa avumilie. Miezi ikapita, ndipo picha ikaonyesha kitambaa cha kufyonzea damu kilichosahauliwa tumboni. Mama huyo afanyeje? Jibu langu lina mengi, lakini kubwa ni moja: awahi.

Kwanza, ajue kwamba haombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba humpa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, na kufidiwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro zake, iwe huduma hiyo ni ya umma au ya watu binafsi. Hati ya ridhaa aliyoitia sahihi kabla ya kupasuliwa haimnyang'anyi haki hiyo. Aliridhia hatari za kawaida za upasuaji, hakuridhia uzembe.

Hata hivyo, si kila matokeo mabaya ni uzembe. Daktari hodari aweza kutenda yote ipasavyo, na mgonjwa asipone. Mahakama hutaka kujua kama mhudumu alishuka chini ya kiwango kinachokubalika miongoni mwa wataalamu wenzake, na kama madhara yametokana na upungufu huo. Ndiyo maana mdai huhitaji ushahidi wa daktari mwingine wa fani hiyohiyo.

Pili, akusanye ushahidi mapema. Aombe kwa barua nakala ya faili yake: maelezo ya upasuaji, vipimo, picha, dawa alizopewa na hati ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Abaki na nakala ya barua hiyo, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha atunze kila risiti. Maumivu na mateso hukadiriwa na mahakama, lakini fedha zilizokwisha kutumika lazima zitajwe katika madai na kuthibitishwa kikamilifu. Gharama isiyo na risiti ni rahisi kupotea.

Tatu, atambue milango iliyopo. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hupokea malalamiko na laweza kumchukulia daktari hatua za nidhamu. Mahakama ndiyo huamua dai la fidia, iwapo pande mbili hazikupatana. Hapa ndipo wengi hupotelea. Hupeleka malalamiko kwa Baraza, wakaketi kungoja uamuzi, wakidhani muda nao umesimama. Haujasimama. Dai la uzembe uliomdhuru mtu mwilini kwa kawaida hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Likielekezwa kwa Serikali, sheria hutoa miezi 12 tu. Mahakama yaweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu hakuweza kuujua ukweli wa jambo, kama mama yetu wa kitambaa, lakini ruhusa hiyo huombwa kwa sababu na vithibitisho, haiji yenyewe.

Kwa hiyo amwone wakili mara tu anapopata shaka, na wapatane ada kwa maandishi. Makubaliano kwamba wakili atalipwa pale tu kesi itakaposhinda hayana nguvu kisheria nchini Kenya. Na hospitali ikimwita kwa mapatano, asitie sahihi hati yoyote kabla wakili hajaisoma. Kiasi kidogo kinachopokelewa leo kwa maneno kwamba hakuna dai tena chaweza kuufunga mlango, ilhali tiba bado inaendelea.

Fidia haimrudishii mtu afya aliyopoteza. Humwezesha kulipia matibabu yaliyosalia na kuitunza jamaa yake wakati mwili haujapata nguvu. Humkumbusha pia mhudumu kwamba uhai wa mwananchi una thamani. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Haki hii ni yenu. Msiiache ipitwe na wakati.