Plagi za Zamani Zisitupwe Kabla ya Kusomwa

Pikapu inayopakia mchele Bugarama huanza safari karibu na sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Inapanda hadi Kamembe, na kama mzigo ni wa Huye au Kigali, inaingia msitu wa Nyungwe, ambako barabara inapita mita 2,000. Huko ndiko injini yenye hitilafu inakoumbuka. Gari linatetemeka, linakatakata, dereva anakanyaga mafuta na nguvu haiji, huku malori yakijipanga nyuma yake kwenye kona.

Akirudi mjini, jibu analopewa gereji ni moja: badilisha plagi. Zinanunuliwa nne mpya, za zamani zinatupwa, na baada ya muda ugonjwa unarudi. Pesa zimekwenda, chanzo hakijaguswa.

Katika injini ya petroli, koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu kwa maelfu, ili cheche iruke kwenye mwanya wa plagi, ambao kwa kawaida ni wa milimita moja hivi. Ncha zikilika na mwanya ukapanuka, cheche hupata kazi kuruka. Dereva anapokanyaga mafuta mlimani na mzigo mgongoni, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche hudai volti nyingi zaidi. Ndiyo maana pikapu inayokwenda vizuri kwenye tambarare ya Bugarama hushindwa Nyungwe.

Kwa hiyo fundi azifungue plagi injini ikiwa imepoa, azipange kwenye kitambaa kwa kufuata silinda zake, kisha yeye na dereva wazitazame pamoja. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Chujio la hewa likaguliwe, na kama gari ni la kabureta, tukumbuke kwamba hewa nyepesi ya milimani huzidisha tatizo hilo. Plagi iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na hapo plagi mpya zitachafuka vilevile. Ncha nyeupe iliyoungua inaonya juu ya joto kali, petroli kidogo, au plagi isiyolingana na injini hiyo.

Ikiwa silinda moja tu ndiyo haiwaki na gari lina koili juu ya kila plagi, zima injini, hamisha koili ya silinda hiyo uiweke kwenye nyingine, kisha washa. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, hamisha plagi. Ukizidi kubaki, chunguza nozeli ya petroli na mgandamizo wa silinda. Na gari la distributa linalosumbua asubuhi ya mvua, kisha likapona jua likitoka, likaguliwe waya na kofia ya distributa kabla ya kitu kingine.

Wakati wa kufunga, plagi ianze kuzungushwa kwa vidole, spana ifuate mwishoni, kwa sababu kichwa cha injini cha aluminiamu huharibika nyuzi upesi, na kukitengeneza ni ghali kuliko plagi zote nne. Wenye pikapu za dizeli nao wajue kwamba injini zao hazitumii cheche. Plagi zao ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha, hivyo dizeli ikikosa nguvu mlimani, chanzo kitafutwe kwingine.

Ndugu dereva, ukienda gereji, omba uonyeshwe plagi zako za zamani na uelezwe zimekutwa na nini. Nawe fundi, usikubali kuuza plagi mpya kabla ya kutoa maelezo hayo.