Mandhari Ndani ya Bakuli: Ufinyanzi wa Wayne Higby

Bakuli la Wayne Higby lina mahali pake pa kutazamiwa. Mtazamaji akisimama hapo, genge lililo kwenye ubavu wa nje, upande wa karibu, hupanda hadi mdomoni mwa bakuli. Ng'ambo ya uwazi, mistari ileile huendelea kwenye ukuta wa ndani ikawa vilima na anga. Mdomo hugeuka upeo wa macho, na uwazi ambao kwa kawaida hutiwa mchuzi huwa bonde au maji. Akisogea kando kidogo, picha hukatika. Kuchora mlima juu ya sahani hata kiwanda huweza. Kuulazimisha mviringo wa chombo utoe umbali ni jambo jingine kabisa.

Higby alizaliwa mwaka 1943 Colorado Springs, Marekani, chini ya Milima ya Rocky. Alipokuwa mwanafunzi aliona vyombo vya kale vya Kreta katika makumbusho ya Heraklion, akauchagua udongo. Mwaka 1973 alianza kufundisha Alfred, jimbo la New York.

Mabakuli hayo, mengi ya miaka ya 1970 na 1980, yalichomwa kwa raku. Njia hiyo ilianzia Kyoto, Japani, karne ya 16, kwenye vikombe vya chai. Mwaka 1960 Mmarekani Paul Soldner alianza kuifuatisha na moshi. Chombo huopolewa tanuruni kwa koleo kingali chekundu, kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha hufukiwa katika maranda na kufunikwa. Maranda hushika moto, hewa hupungua, na moshi huusawijisha udongo popote ambapo glezi haikufika. Glezi yenyewe, yaani madini yaliyoyeyuka kuwa kioo, hupoa ghafla ikafanya nyufa nyembamba kama uzi, nazo hujaa masizi. Kwa Higby nyufa hizo ni nusu ya mchoro: ndizo zinazoipa miamba umri. Udongo mtupu ungepasuka kwa mshtuko wa kupoa ghafla, hivyo hutiwa chembe za udongo uliokwisha chomwa, kama wafinyanzi wengi wa Afrika wanaochomea vyungu uwanjani wanavyotia mchanga au vigae vilivyosagwa.

Miaka ya 1990 aligeukia kaure. Mfululizo wa Lake Powell Memory unatokana na ziwa la bwawa la Glen Canyon, mpakani mwa Utah na Arizona, ambako maji yamefunika miguu ya magenge. Mistari hukatwa ndani ya kaure, na glezi hukusanyika humo.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni EarthCloud, kuta za maelfu ya vigae vya kaure vilivyokatwa kwa mkono, katika kumbi za maonyesho za Alfred. Kwa ukali wa wazo, mabakuli bado yanaitangulia. Sehemu ya kwanza ya EarthCloud ilikamilika 2006, ya pili 2012.