Dawa za Viungo na Maradhi ya Sukari

Mchochota ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha, vijidudu au kitu kigeni, na dalili zake nne, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu, zilikwisha kuorodheshwa na Celsus wa Roma takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika baridi yabisi, maradhi ambamo kinga hushambulia utando laini wa ndani ya viungo, dalili hizo huonekana kwa macho: vifundo vya vidole hufura, na kila asubuhi mkono hukataa kukunjika. Katika kisukari cha aina ya pili hakuna kinachofura wala kuuma, na pengine ndiyo sababu utabibu ulichukua zaidi ya karne kukubali kwamba maradhi haya mawili yana udugu.

Ushahidi wenyewe haukukosekana. Mwaka 1876, insulini ikiwa bado haijulikani, tabibu Mjerumani Wilhelm Ebstein aliripoti kuwa salisilati ya sodiamu, dawa ya jamii moja na aspirini, ilipunguza sukari katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari, R. T. Williamson wa Manchester akathibitisha hayo mwaka 1901. Mwaka 1957 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mgonjwa wa kisukari aliyepewa aspirini nyingi kwa ajili ya maumivu ya viungo, na ambaye, katika muda wa kuitumia, hakuhitaji tena sindano za insulini. Taarifa hizo zilisomwa, zikahifadhiwa, zikasahauliwa, kwa kuwa hapakuwa na nadharia ya kuzipokea.

Nadharia ilianza kupatikana mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walipoonyesha, huko Boston, kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi TNF, protini ambayo seli za kinga huitumia kuamrishana kuanzisha mchochota, na kwamba protini hiyo ikizuiwa, insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mjini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walikuwa wameanza kuizuia TNF hiyohiyo kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na viungo vyao vikapata nafuu. Ilipofika 2003, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mafuta ya mwili mnene huvamiwa na makrofaji, seli za kinga zenye kazi ya kumeza vijidudu na mabaki; hizo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya TNF, ambayo huvuruga ujumbe wa insulini ndani ya seli, na sukari ikabaki kwenye damu.

Matumaini yaliyofuata yalizidi uthabiti wa ushahidi. Salsalati, dawa ya jamii ya aspirini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 286 kwa wiki 48, na matokeo ya 2013 yalionyesha kuwa kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa pointi 0.37 tu za asilimia. Kanakinumabu, inayozuia protini nyingine ya mchochota, ilipunguza mishtuko ya moyo katika jaribio la watu zaidi ya 10,000, lakini haikuzuia kisukari kuanza. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba mchochota huchangia kisukari. Kusema kwamba ndio chanzo chake kikuu ni kuvuka mipaka ya takwimu.

Prednisoloni, dawa ya steroidi, hutoa onyo jingine. Hutuliza mchochota wa viungo zaidi kuliko aspirini, tena kwa bei nafuu, lakini hulichochea ini kutengeneza sukari na kuifanya misuli isiitikie insulini, hata mwenye viungo vilivyotulia akajikuta ana kisukari. Kuizuia TNF nako kuna gharama ambayo Afrika Mashariki haiwezi kuipuuza, kwa sababu protini hiyo ndiyo inayoshikilia ukuta wa seli unaovizunguka vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Ukuta ukilegea, vijidudu huamka. Ndiyo maana uchunguzi wa kifua kikuu kilichojificha hutangulia sindano ya kwanza ya kuizuia TNF, na haja yake huwa kubwa zaidi kwa mgonjwa mwenye kisukari, kwa kuwa kisukari chenyewe huzidisha hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu.