Mtoto Hasimami Peke Yake
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Bukoba na Muleba



Tumeombwa kuzungumza juu ya ustahimilivu wa watoto wa madarasa ya awali, wale ambao wengi wetu bado tunawaita watoto wa chekechea. Huenda mtu akauliza: jambo hili linaihusu vipi Tume ya Haki na Amani? Tunajibu kwamba linaihusu sana, kwa kuwa haki ya mtu huanza kuheshimiwa au kuvunjwa kabla hajajua kuandika jina lake.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera. Katika miaka iliyofuata makaburi mapya yaliongezeka vibanjani, na bibi wengi wakawa walezi kwa mara ya pili. Sisi tulio na umri wa miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto wakati huo. Wengi wetu tuliambiwa: "Nyamaza, jikaze." Waliotuambia hivyo walitupenda, nao walikuwa wamelemewa na misiba. Hata hivyo, tulijifunza kunyamaza tukidhani kwamba tumepona.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulishika njia nyingine. Jina hilo la Kihaya linahusu kufariji na kutuliza. Mradi ulitambua kwamba yatima hahitaji chakula na sare tu. Anahitaji pia mtu mzima anayejua kumsikiliza, awe mwalimu au mlezi wa nyumbani. Humo vijana yatima waliunda umoja wao, wakauita Vijana Simama Imara. Walitaka kusimama imara, na kwa ajili hiyo wakaungana.

Wataalamu wa saikolojia nao wamefikia fundisho lililo karibu na hilo. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo mingi watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na misukosuko mikubwa, takriban theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini na kujali wengine. Jambo moja lililojitokeza katika maisha yao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila kuwaacha: bibi, jirani, au mwalimu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman alianzia upande wa pili. Mwaka 1967, yeye na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa walioumizwa bila namna ya kukwepa, hata walipofunguliwa njia baadaye, wengi wao walilala tu na kuvumilia. Walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 1998, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa nchi yake, aliwahimiza wenzake wasichunguze maradhi na kasoro tu, bali pia tumaini, shukrani na fadhila zinazomwezesha mtu kuishi vema. Hiyo ndiyo inayoitwa saikolojia chanya.

Je, mwalimu wa darasa la awali afanye nini? Kwanza, amwite kila mtoto kwa jina lake anapoingia. Pili, asifu juhudi kuliko kipaji. Mtoto aliyekosea kuhesabu punje za buni aambiwe, "Umejaribu mara mbili, hebu tuhesabu pamoja," wala asiitwe mjinga. Tatu, kabla ya kwenda nyumbani, kila mmoja ataje jambo moja jema la siku hiyo. Nne, mtoto mwenye huzuni aruhusiwe kulia, kisha apewe kazi ndogo ya kuwasaidia wenzake. Tulipotembelea darasa moja wilayani Muleba tulimkuta mtoto aliyekuwa hasemi tangu afiwe na mama yake. Mwalimu hakumlazimisha kusema. Alimpa kazi ya kugawa vikombe vya uji, na baada ya majuma kadhaa mtoto akaanza kutaja majina ya wenzake, kikombe kwa kikombe.

Wapo watakaotukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini anayemkunja samaki mbichi hamvunji. Agosti 2018, hapa mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Tulihuzunika sote. Lakini je, tulijiuliza ni wapi tulipozoea kuona fimbo mezani pa mwalimu? Nasi mapadre tuungame: tulilelewa kwa fimbo, na mara nyingine tumepita mlangoni mwa darasa, tukasikia kilio cha mtoto, tukaendelea na safari yetu.

Hata hivyo, tujihadhari na kosa la pili. Kumjengea mtoto ustahimilivu si kumzoesha kuvumilia dhuluma. Tabasamu la mwalimu halijazi tumbo lenye njaa, na mwalimu asiyelipwa hawezi kudaiwa uchangamfu kila siku. Anayemwambia mtoto awe imara huku akimnyima uji na ulinzi anamtwika mtoto mzigo wa wakubwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila Jumuiya itambue watoto wake wa umri huu waliofiwa au walio katika shida, na kila mmoja awe na mtu mzima mmoja wa kumfuatilia kwa jina. Kila parokia yenye darasa la awali iondoe fimbo humo, ihakikishe uji upo, na mwalimu apate posho yake kwa wakati. Wazazi nao, ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 uliwaita walezi wa kwanza, wawasikilize watoto wao jioni, kabla ya kuwauliza wamekosa nini.

Sisi watu wa migomba tunajua la kufanya mgomba unapoinama kwa uzito wa mkungu. Hatuupigi wala hatuuambii ujikaze. Tunakata mti na kuuwekea mwega, mapema, kabla ya upepo wa ziwani kuvuma. Tuwafanyie watoto wetu vivyo hivyo.