MTOTO MWENYE KIFAFA ASIKAE NJE YA WATU
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa ushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shamba.)



Habari za ufuta na bei yake mmekwisha kuzisikia. Mimi nimeomba nafasi niseme jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni kifafa.

Mnajua kwa nini nimelileta. Wiki mbili zilizopita mtoto wa mwenzetu, msichana wa miaka 11, alianguka jikoni akiwa peke yake, na mkono ukaingia motoni. Watu waliokuwa wakipita njiani walisikia, wakasogea, wakasimama. Walisimama tu. Aliyemtoa ni mama yake, alikuja mbio kutoka kisimani. Simtaji mtu, wala sikuja hapa kugombeza. Lakini hebu tuulizane: watu wazima wenye nguvu zao, ni kitu gani kiliwafunga miguu?

Ni povu. Tangu utotoni tumeambiwa ati ukigusa povu la mwenye kifafa, au mkojo wake, au akijamba nawe uko karibu, basi na wewe umekwisha kupata. Ndugu zangu, kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa mate, wala kwa sahani, wala kwa kulala kitanda kimoja. Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo ndio unaouamrisha mwili. Sasa kuna wakati amri zote hutoka kwa pamoja, kwa fujo, kama mkutano huu wetu pale kila mtu anaposema na Mwenyekiti hasikiki. Mwili unakakamaa, unatupwa chini, unatikisika. Halafu fujo inatulia, mtoto anaamka amechoka, na hana habari ya lililompata.

Sisi wa Ulanga ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuja Mahenge daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta watu wenye kifafa wanaishi pembeni, wamejaa makovu ya moto, hawali na wenzao. Akaanzisha kliniki, akawapa vidonge, na wengi wakapata nafuu wakarudi kulima. Aliwaona pia watoto ambao kichwa kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka, hasa wakati wa chakula. Wazee walisema, "Amesinzia kichwa." Naam, huo nao ni mlango wa kifafa. Mzazi ukiuona usingoje mpaka mtoto aanze kuanguka.

Mtauliza kwa nini hapa kwetu ni wengi. Mito yetu yenye maji ya kasi inazalisha wale inzi wadogo weusi wanaoleta usubi. Wataalamu wamechunguza, na wameona kwamba panapokuwa na usubi mwingi, watoto wengi hupata kifafa. Ndiyo maana vile vidonge tunavyopewa baada ya kupimwa urefu kwa kijiti, vilivyoanza kugawiwa Mahenge mwaka 1997, na mwaka 2019 vikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka, si vya kutupa nyuma ya nyumba. Nimeona watu wakivitupa. Lakini tuelewane: vidonge vya usubi ni kinga, havishiki nafasi ya dawa ya kifafa. Sababu nyingine zipo pia: malaria iliyopanda kichwani, uzazi mgumu, kuumia kichwa, na mayai ya tegu yanayotoka katika kinyesi cha mtu na kuingia kinywani kwa mikono michafu. Kwa hiyo mambo ya choo na nguruwe wanaozurura tutayazungumza siku yake, wala msidhani nimeyasahau.

Sasa, mtu akianguka mbele yako, ufanye nini? Msogeze mbali na moto, maji au mawe. Kanga au shati likunje uliweke chini ya kichwa. Legeza nguo ya shingoni. Mlaze ubavu, ili mate na povu yatoke nje yasimpalie. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni, wala kijiti, wala kidole chako. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na kidole hukatika. Usimnyweshe kitu mpaka azindukane kabisa. Mwenye saa au simu aangalie muda. Zikipita dakika 5 hajatulia, au ametulia akaanza tena kabla hajazindukana, tafuteni pikipiki, apelekwe zahanati. Na mtoto mdogo mwenye homa akishikwa na degedege, huyo msingoje hata kidogo, huenda ni malaria kali. Tena msimwoshe mkojo wa tembo wala kumfukiza.

Nije kwenye dawa, maana hapa ndipo tunapoangukia. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Sawasawa maana yake kila siku. Fenobabitoni ni dawa ya bei ndogo na ya miaka mingi. Kama inamletea mtoto usingizi mwingi au ukorofi, mwambie mganga wa zahanati, atapunguza au atabadili. Usiikate mwenyewe. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kupumzika, na hapo hufa. Hata akikaa mwaka mzima hajaanguka, bado anakunywa. Kwa kawaida daktari hungoja ipite walau miaka 2 ya utulivu ndipo afikirie kupunguza, pole pole. Binti akikua na kutaka kuolewa aseme kliniki mapema, maana dawa nyingine hazifai mimba.

Wapo wanaosema aliyekwisha kuungua hatibiki tena. Neno hili ni baya kuliko lile la povu, kwa sababu linamfanya mzazi aache vidonge siku ile ile anapovihitaji. Moto umeunguza ngozi, haukufunga njia ya dawa. Na kwa mganga wa kienyeji, anayetaka kwenda aende, sitasimama njiani. Ila akiambiwa aache kidonge, arudi nyumbani.

Sisi tuliosoma kisomo cha watu wazima tuna kazi hapa. Chukua daftari, andika tarehe aliyoanguka, saa ngapi, muda gani, upande gani wa mwili ulianza. Asiyejua kuandika apige mstari wa mkaa ukutani kila usiku mtoto anapokunywa dawa. Daktari akiona hesabu hiyo anajua la kufanya. Akiambiwa tu "anaanguka-anguka" atakisia.

Mtoto huyu amerudishwa nyumbani kutoka shuleni "mpaka apone." Apone vipi, jamani, na ugonjwa ni wa miaka? Mwenyekiti na mimi tutakwenda kwa mwalimu Jumatatu. Tutamweleza yale ya kumlaza ubavu, tumwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha. Mtoto aende na wenzake wawili njiani, asipande miembe, asichote maji mtoni peke yake, na choo asijifungie kwa ndani. Basi. Mengine yote afanye kama wengine, pamoja na kufagia.

Mawili nimeyaomba kwenye ushirika, na mkutano umekubali. La kwanza, dawa zikikosekana zahanati, mfuko wetu wa maafa utatoa nauli ya mtu mmoja kwenda Mahenge kuulizia kwa ajili ya kaya zote zenye mgonjwa. Majina aandikiwe Mhazini kwa siri, si hapa ubaoni.

La pili ni jiko. Mafiga yale ya chini yaondoke. Jumamosi asubuhi tunakwenda kumjengea yule mama jiko la udongo la kufika kiunoni, lenye ukuta kuzunguka moto. Vijana waje na majembe na fito, akina mama watusaidie maji. Udongo wa kichuguu umekwisha kusombwa. Tunaanza saa moja, kabla jua halijawa kali.